Majumba ya Sinema ya Kambini

Wasomaji wengi wakitajiwa kambi ya jeshi hufikiria bunduki, gwaride na mabweni yaliyopangwa safu kwa safu. Ni wachache watakaokumbuka jumba la sinema. Lakini katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vilivyoanza mwaka 1939 na kumalizika mwaka 1945, jumba hilo lilihesabiwa miongoni mwa majengo ya lazima katika kambi kubwa za Wamarekani, pamoja na hospitali, kanisa na jiko. Na si ajabu. Kijana aliyetolewa kwao, akafundishwa kutwa nzima namna ya kuua na namna ya kutouawa, jioni alihitaji mahali pa kuketi gizani kwa saa mbili bila ya kupigiwa kelele na sajini.

Mimi ni seremala kwa kazi, na kabla ya kustaafu nilikuwa msimamizi wa ujenzi kwa miaka mingi. Kwa hiyo nayatazama mambo haya kwa jicho la mtu wa misumari. Nikiona picha ya jengo la zamani, swali langu la kwanza huwa: paa hili limeshikwa na nini, na watu hawa wangetokea wapi?

Mwanzo wake ulikuwa vita vya kwanza. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, kambi za mafunzo zilijengwa kwa haraka kubwa, na ndani yake yakawekwa majumba ya maonyesho yaliyoitwa Liberty, yaani Uhuru. Raia walinunua vijitabu vya tikiti, vikiitwa Smileage, wakawapelekea vijana wao kambini ili waingie kutazama bila ya kutoa fedha yao. Vita vilipokwisha jeshi lilikuwa na idara yake ya sinema, iliyojiendesha kwa mapato ya mlangoni bila ya kuitegemea hazina ya serikali. Wakati wa vita vya pili askari alilipa senti 15 hivi za Marekani kuona picha ambayo raia wa mjini aliilipia zaidi.

Kati ya vita hivyo viwili, jeshi likiwa dogo na lenye nafasi, yalijengwa majumba ya kudumu. Huko Randolph Field katika jimbo la Texas, kituo cha kufundishia marubani, jengo la makao makuu lililomalizika mwaka 1931 lilitiwa mnara mrefu wenye nakshi. Ndani ya mnara huo limefichwa tangi la maji la galoni 500,000, na chini yake pakawekwa ofisi pamoja na ukumbi wa sinema. Watu walilibatiza jengo hilo jina la Taj Mahal. Nalipenda sana. Yeyote aliyefikiri kuweka maji, maofisa na sinema chini ya paa moja alikuwa na akili ya mama mwenye chumba kimoja na watoto sita.

Vita vilipokaribia, mwaka 1940, nakshi zikawekwa kando. Jeshi lililokuwa na askari laki chache lilitakiwa kuwa la mamilioni, na wote walihitaji paa. Ramani za majengo zilikuwa zimekwisha kuandaliwa tangu zamani katika mfululizo ulioitwa wa 700. Baadaye ukaja mfululizo wa 800, uliorekebishwa. Bweni moja la mbao, la ghorofa mbili, lilichukua watu 63. Ramani ilikuwa ile ile, kambi iwe kwenye theluji ya kaskazini au kwenye joto la kusini. Mafundi walikata mbao za vipimo sawa kwa maelfu, wakazipanga mafungu, na kila kundi likafanya kazi moja tu: hawa misingi, hawa kuta, hawa paa. Aliyewahi kujenga madarasa kwa nguvu za wananchi anaielewa raha ya kufanya kazi namna hiyo, na anaielewa pia hasara yake, kwamba ramani ikiwa na kosa, kosa hilo linajengwa mara elfu.

Jumba la sinema lilikuwa na mahali pake katika ramani hizo, kwa ukubwa mbalimbali. Lile kubwa lilichukua watu wapatao elfu moja. Kwa nje halikuwa na urembo: boksi refu la mbao, paa la mgongo, na mbele sehemu iliyoinuka yenye dirisha la tikiti. Juu ya sebule ya kuingilia kilikaa chumba cha mashine, na mbele kabisa palikuwa na jukwaa na kitambaa cheupe. Usingeona nguzo katikati ya ukumbi, kwa maana nguzo ingewaziba watazamaji. Hapo ndipo kazi ya seremala inapokuwa kazi. Kuvusha paa juu ya watu elfu bila ya nguzo kunataka kenchi kubwa, na chuma chote kilikuwa kinakwenda kwenye meli na vifaru. Wahandisi wa wakati ule walitegemea sana pete za chuma zilizozamishwa katikati ya mbao mbili kabla ya kufungwa kwa boliti, ili mzigo ubebwe na pete yote badala ya tundu moja dogo. Kwa kenchi za mbao waliweza kujenga hata mabanda ya puto za kijeshi. Lile la Tillamook katika jimbo la Oregon, la mwaka 1943, lina urefu wa zaidi ya futi 1,000. Ukumbi wa sinema kwao ulikuwa kazi ndogo.

Chumba cha mashine ndicho kilichokuwa hatari. Filamu ya milimita 35 hupita mashineni futi 90 kila dakika, kwa hiyo gurudumu la futi 2,000 humalizika baada ya dakika 22 hivi. Ndiyo sababu ziliwekwa mashine mbili, moja ikimaliza nyingine ikipokea, na mtazamaji asitambue. Mwanga ulitoka katika vijiti viwili vya kaboni vilivyotoa cheche kali mfululizo. Na filamu yenyewe ilitengenezwa kwa naitreti, kitu ambacho kikishika moto hakizimiki kwa urahisi, kwani hujitolea oksijeni yake chenyewe na huweza kuwaka hata ndani ya maji. Filamu za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa Marekani hadi mwaka 1951. Weka basi moto wa kaboni karibu na filamu ya naitreti, juu ya mlango wa kuingilia, katika jengo la mbao lenye watu elfu.

Wajenzi walilijua hilo. Chumba cha mashine kilizungushiwa mbao za asbestosi au vitu vingine visivyoshika moto (leo tunajua kwamba asbestosi nayo huua, ila polepole, kupitia mapafu). Vitundu vya kupitishia mwanga vilifungwa vifuniko vya chuma vilivyoning'inizwa kwa kipande cha madini laini. Moto ukitokea, kipande kinayeyuka, vifuniko vinaanguka vyenyewe, na chumba kinajifunga kabla watu hawajaona ndimi za moto. Pembeni mwa ukumbi iliwekwa milango ya dharura. Wamarekani walikuwa wamejifunza kwa machozi: mwaka 1903 jumba la Iroquois mjini Chicago liliungua, wakafa zaidi ya watu 600, wengi wao wanawake na watoto waliokwama kwenye milango.

Waliopelekwa mbali, visiwani Pasifiki, hawakuwa na jumba. Walitazama nje, wakikaa juu ya magogo ya minazi na mapipa ya mafuta, mvua ikinyesha au isinyeshe. Kwao zilitumwa filamu nyembamba za milimita 16, zisizolipuka, ambazo kampuni za Hollywood zilizitoa bure kwa askari waliokuwa ng'ambo. Baadhi walibahatika kupata banda la mabati la nusu duara, aina ya Quonset, lililobuniwa mwaka 1941 kwa kuiga banda la Nissen ambalo Waingereza walilitumia tangu mwaka 1916. Banda hilo husimama upesi, lakini kwa sinema lina taabu mbili ambazo kila aliyelala chini ya bati anazijua. Mvua ikianza, humsikii mtu anasema nini. Na hata pasipo mvua, paa la duara huikusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja, kiasi kwamba mmoja anazibwa masikio na jirani yake haambulii kitu.

Waingereza, waliokuwa na uchache zaidi, walifanya jambo ambalo mimi naliona la busara. Katika viwanja vyao vingi vya ndege vya wakati wa vita walijenga jengo moja la mazoezi ya viungo, wakaliongezea chumba cha mashine ya sinema, na mwisho mmoja madhabahu. Hivyo askari aliruka kamba asubuhi, akaona picha jioni, na Jumapili akasali, katika jengo moja lenye sakafu bapa na viti vinavyoondoleka.

Hayati baba yangu alikuwa Keya. Alichukuliwa akiwa kijana, akapelekwa Seloni, ambayo sasa ni Sri Lanka, kisha Burma pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katika masika ya mwaka 1944. Habari za vita hakupenda kuzisimulia. Ukimuuliza Burma ilikuwaje, alijibu, "Matope." Lakini habari za sinema alizisimulia mpaka mama akamwambia watoto wakalale. Kule Seloni, alisema, shuka jeupe lilifungwa katikati ya minazi miwili. Maofisa wa Kiingereza walipewa viti mbele ya shuka. Masajini wa Kizungu walikaa kwenye mabenchi. Askari Waafrika walikaa chini, na ambao hawakupata nafasi upande wa mbele walizunguka upande wa nyuma ya shuka, wakaitazama picha kinyume. "Kwetu wote walikuwa mashoto," alituambia. "Mzungu anachomoa bastola kwa mkono wa kushoto, anasalimiana kwa mkono wa kushoto. Na maandishi yalikuwa kinyume, lakini hilo halikutusumbua, maana hata upande wa mbele yalikuwa Kiingereza."

Tulicheka sana. Miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma habari za majumba haya, kicheko kile kilinirudia kwa namna nyingine. Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na upande wa nyuma ya shuka. Askari Weusi walitengwa katika vikosi vyao, na kambi nyingi ziliwapa jumba lao dogo mwisho wa barabara, au safu za nyuma katika jumba la wote. Huko Fort Huachuca, Arizona, palipokusanywa maelfu ya askari Weusi, ilijengwa mwaka 1942 klabu ya peke yake kwa ajili ya maofisa Weusi, iitwayo Mountain View. Ilikuwa ya mbao zile zile na misumari ile ile. Ubaguzi haukuhitaji ramani mpya. Ulihitaji tu kuijenga ramani ile ile mara mbili.

Mwimbaji Lena Horne alisimulia kisa kilichompata alipokwenda kuwatumbuiza askari kambini. Alipotazama ukumbini aliwaona wafungwa wa vita wa Kijerumani wamekaa mbele, na askari Weusi wa nchi yake mwenyewe wamekaa nyuma yao. Aliteremka jukwaani, akapita katikati ya viti hadi nyuma, akawaimbia wale askari akiwapa Wajerumani mgongo. Katika majumba hayo hayo askari walilazimika kutazama filamu saba za Frank Capra zilizoeleza kwa nini Marekani inapigana na watu wanaojidai kuwa ni taifa bora. Tarehe 8 Julai, 1944, Wizara ya Vita ilikataza kambi kutenga sinema, maduka na mabasi kwa rangi. Amri haikutiiwa kila mahali, na utengano wa vikosi wenyewe ulipigwa marufuku na Rais Truman mwaka 1948 tu. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuingia jumba la sinema maishani mwake, nilipomsimulia kisa cha Lena Horne aliuliza jambo moja: "Na tikiti walilipa sawa?" Walilipa sawa.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Mtaa wetu umeamua kujenga ukumbi. Michango imepatikana ya kutosha kuanzia, kiwanja kipo, na kwa kuwa mimi ni fundi mzee nisiye na kazi ya kwenda asubuhi, nimepewa jukumu la kuchora. Ukumbi utakuwa wa arusi, mikutano, misiba na, vijana wanasisitiza, wa kuonyeshea picha na mpira. Nimeiga ya Waingereza: sakafu bapa, viti vya kuondoleka, jukwaa upande mmoja. Mwenyekiti aliomba jukwaa liwe na viti vya wageni rasmi vilivyoinuliwa na mlango wao wa peke yao. Nilimwambia mlango wa jukwaani utakuwapo, ila utakuwa wa wote. Hilo halikuwa na ubishi mkubwa. Ubishi umekuja kwenye milango mingine.

Nimechora milango minne ya pembeni, miwili kila upande, ikifunguka kwa nje. Mama Mweka Hazina, ambaye namheshimu kwa sababu senti yetu haijawahi kupotea mkononi mwake, alishika kalamu akaniuliza, "Fundi, milango minne ya nini? Kila mlango ni mwizi mmoja." Wajumbe wakamwunga mkono. Wanataka mlango mmoja mkubwa wa mbele wenye geti la chuma, mmoja mdogo wa nyuma wenye kufuli, na madirisha yote yatiwe nondo.

Najua wanakotoka. Viti vya plastiki huibwa, na arusi zetu huvamiwa na watu wasio na kadi. Miezi michache iliyopita nilikuwa katika sherehe ya kumwaga mjukuu wangu, katika ukumbi mmoja wa hapa mjini ambao sitautaja. Tulikuwa watu wasiopungua 300. Kwa mazoea yangu niliinuka kwenda kuutazama mlango wa nyuma, nikaukuta umefungwa kwa mnyororo. Nilimwuliza mlinzi ufunguo uko wapi. "Anao bosi, mzee, na bosi amekwisha kwenda nyumbani." Nyuma ya pazia la mapambo madirisha yalikuwa na nondo tupu. Nilirudi kukaa karibu na mlango wa mbele, na keki sikuila.

Kwa ajili hiyo niliwasimulia wajumbe habari ya Saint John's, Newfoundland. Hapo, mwaka 1941, ilijengwa hosteli ya mbao kwa ajili ya askari na mabaharia waliokuwa wakipita kwenda vitani, yenye ukumbi wa dansi na maonyesho. Usiku wa Jumamosi, tarehe 12 Desemba, 1942, ukumbi ulijaa. Palikuwa na muziki uliotangazwa moja kwa moja na redio. Moto ulianzia juu, mahali pasipoonekana, na ulipopasuka ukumbini ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa. Waliokuwa majumbani mwao walisikia katika redio mtu akipiga ukelele wa moto, kisha kimya. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao ili mwanga usionekane na adui. Milango ilifunguka kwa ndani, kwa hiyo kadiri watu walivyousukumiza mlango ndivyo walivyoufunga. Walikufa watu 99, wengi wao askari. Iliaminiwa kwamba moto ule ulitiwa kwa makusudi, na aliyeutia hakupatikana. Lakini mbao za madirishani na bawaba za milango zilikuwa zimewekwa na marafiki, kwa nia njema kabisa. Wiki mbili kabla yake, mjini Boston, watu 492 walikuwa wamekufa katika klabu ya Cocoanut Grove kwa milango ya namna hiyo hiyo. Mmoja wao alikuwa Buck Jones, mchezaji wa picha za farasi na bastola, ambaye inawezekana kabisa baba alimwona juu ya shuka, akichomoa bastola kwa mkono wa kushoto.

Wajumbe walinyamaza kidogo. Kisha Mwenyekiti akasema, "Lakini, Mzee, hayo yalikuwa ya mbao. Sisi tunajenga kwa matofali." Nilimjibu kwamba matofali hayaungui, ila mapazia, mapambo, viti vya plastiki na dari huungua, na moshi wake huua kabla ya moto. Hata pasipo moto, waya ukipiga cheche na taa zikazimika, watu 300 gizani wanatosha. Mjini Sunderland, Uingereza, mwaka 1883, watoto 183 walikufa kwenye ngazi za ukumbi bila ya moto wowote. Walikuwa wakikimbilia zawadi, na mlango wa chini ulikuwa umefungwa kwa komeo ukiwa na upenyo wa mtoto mmoja. Baada ya msiba huo ndipo ikabuniwa pau ya kusukumia: mlango usiofunguka kwa nje, lakini aliye ndani akiuegemea tu, unafunguka. Wezi wa viti wanabaki nje, na watu hawafungiwi.

Kuna kingine nilichowaambia. Majumba yale ya mbao ya Marekani yalijengwa yawe ya muda, yatumike vita viishe. Mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo lilikuwa bado linatoa amri majengo ya muda ya wakati wa vita yabomolewe, kwa kuwa maelfu yalikuwa yangali yamesimama na kutumika baada ya miaka 40. Kwa hiyo anayenihakikishia kwamba tuanze na milango miwili sasa, mingine tutatoboa baadaye fedha zikipatikana, mimi simwamini.

Kamati imekutana mara tatu. Nondo za madirisha tumekubaliana ziwe na bawaba, kila dirisha la pili, zifunguke kutoka ndani. Milango ya pembeni imekubaliwa miwili. Ya tatu na ya nne imekwama kwenye bei ya pau za kusukumia, ambazo dukani ni ghali kuliko kufuli mara nyingi. Nimesema nitaziunda mwenyewe, kwa mninga na komeo la chuma linaloinuka kwa kusukumwa, na ufundi wangu sitaulipisha. Mama Mweka Hazina aliandika katika muhtasari kwamba fundi atajitolea, kisha akaniuliza mninga nitautoa wapi.

Nimekwisha kwenda Buguruni kuulizia bei.